Paka Waliovuka Minyaa

Mwezi uliopita tulimzika mama yangu mdogo, Mama Faustini, nyumbani kwake Hirbadaw, kwenye upepo ule wa mlimani uliopeperusha turubai hadi wanaume wanne wakazikamata kamba. Nilikaa kando ya Theresia, jirani yake wa miaka yote. Daniel, mtoto wa kwanza wa Theresia, ndiye aliyebeba msalaba mbele ya jeneza, kijana mrefu mwenye mabega mapana. Theresia alipopewa nafasi ya kumzungumzia marehemu hakusema habari za jumuiya wala za kwaya. Alisimulia habari za paka. Watu walicheka kidogo, wakitulia kila walipokumbuka walipo. Alisema paka wa Mama Faustini ndio walioziunganisha nyumba hizi mbili, na kwamba aliyewafungulia mlango hakuwa mtu aliye hai. Mimi niliangalia viatu vyangu. Nimefundisha shule za msingi zaidi ya miaka ishirini, nimewachapa watoto kwa uongo mdogo kuliko ule, na siku ile nilishindwa kunyanyua kichwa.

Nilifika Hirbadaw nikiwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Mkoa wa Manyara ulikuwa ndio kwanza umekatwa kutoka Arusha, na kule kwetu Katesh watu walibishana vibarazani kwa nini makao makuu yawe Babati. Maduka yalikuwa yamejaa vitu ambavyo mama zetu walivipanga foleni zamani: sabuni za rangi, betri, mitumba ya kila namna, na Bwana Issa wa dukani alikuwa na simu ya mkononi aliyoishika mkononi hata akipima sukari. Hayo yote yaliishia barabarani. Nyumba niliyoingia mimi ilikuwa imefungwa. Faustini, mtoto pekee wa mama mdogo, alikuwa amekufa kwa homa wiki tatu kabla, akiwa na miaka ishirini na miwili, na mama yake alikuwa ameamua kuishika desturi ya zamani ambayo majirani wengi Wakristo walikuwa wameanza kuiacha. Wazee wa Kiiraqw wanaiita metimani. Nyumba iliyoguswa na kifo cha namna ile inajitenga. Watu wake hawaingii kwa wengine wala wengine kwao, ng'ombe wake hawachungwi na ng'ombe wa wengine, maji wanachota chini ya mkondo wenzao wakishaondoka, mpaka wazee waje kuwafungulia. Sikuambiwa hayo kabla. Nilipofika na begi langu mama mdogo alinisimamisha kwenye uzio wa minyaa, akaniuliza kama nimetumwa kusalimia au kukaa. Nikasema kukaa. Akaniambia nifikiri vizuri, kwa sababu nikishalala usiku mmoja nimo pamoja naye. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na nilikuwa nimetembea kutoka barabarani na njaa. Nikaingia.

Ilikuwa nyumba ya matofali ya kuchoma, bati juu, vyumba vitatu na jiko lililounganishwa kwa nyuma. Madirisha ya mbao alikuwa ameyafunga yote isipokuwa la jikoni, kwa hiyo mchana tuliishi kwenye mwanga kama wa jioni, na harufu ya moshi na mahindi ya ghalani. Chumba cha Faustini kilikuwa katikati. Mlango wake ulibaki wazi kidogo, upana wa kiganja, kwa ajili ya paka. Yule paka jike, wa kijivu mwenye mistari, Faustini mwenyewe alimleta nyumbani siku chache kabla hajaugua, maana panya walikuwa wamezidi kwenye mahindi, na paka akazaa chini ya kitanda chake, juu ya koti lake la baridi, juma lile lile la maziko. Watoto wanne: wawili wa kijivu kama mama, mmoja wa rangi ya tangawizi, mmoja mweusi mwenye miguu myeupe. Hawakuwa wameona nje. Mama mdogo aliifunga milango yote miwili kwa komeo kila asubuhi, na mimi nikitoka kukamua nilipita kwa upenyo, nikiwazuia kwa mguu.

Siku zilikuwa hivi: ugali na maziwa ya mgando asubuhi, makande mchana, na kuanzia hapo kusikiliza. Sijawahi kusikiliza kama mwaka ule. Watu walipita njiani, wakasimama mbali, wakapaza sauti, "Tumsifu Yesu Kristu," na mama mdogo akaitikia "Milele na milele, amina," akiwa ndani ya uzio, bila kuwaona. Watoto wa shule walitoa shikamoo zao wakikimbia. Chumvi na viberiti viliachwa kwenye jiwe kando ya njia, nasi tulivichukua mwenye kuvileta akishafika mbali. Katekista alikuja mara moja mpaka ndani, akitaka kuonyesha kwamba haya mambo ni ya giza. Alisali vizuri, akanukuu Maandiko, akamwambia mama mdogo kwamba Kristo alishatufungulia sote. Nilipomletea chai alisema ameshiba. Alipoondoka mama mdogo aliinywa ile chai mwenyewe, polepole, akanitazama juu ya kikombe. Jirani wa karibu kuliko wote, Theresia, mke kijana wa Bura, alikuwa mjamzito wa miezi ya mwisho, na yeye hakupita kabisa njia yetu. Tulimsikia tu akiimba akifua, upande wa pili wa minyaa, na mama mdogo aliacha kupepeta kila alipoimba.

Saa kumi jioni ndiyo iliyokuwa saa mbaya. Ndiyo saa aliyokuwa akirudi Faustini kutoka shambani. Sikuijua siku za kwanza, niliwaona tu paka. Popote walipokuwa, ghalani, juu ya magunia, mafigani, waliacha walichokuwa wakifanya na kuja kukaa mbele ya mlango wa kile chumba, mama yao katikati, wote wamenyanyua vichwa kimo cha uso wa mtu. Kisha vichwa viligeuka pamoja, taratibu, kutoka mlangoni, kupita mezani, mpaka kwenye kigoda kilichokuwa kando ya moto. Hapo viliinama, kama mtu amekaa. Nilijiambia ni panya wa darini. Halafu siku moja yule mweusi mwenye miguu myeupe aliinuka, akaenda kwenye kigoda, akapinda mgongo na kujisugua. Hakujisugua kwenye kigoda. Alijisugua hewani, mbele yake kidogo, mahali ambapo ungekuwa mguu wa mtu aliyekaa, akiegemea kweli kweli, mkia juu. Akapepesuka na kuanguka ubavu, kama kile alichokiegemea kimeondolewa. Nilikuwa nimeshika mwiko na sikuweza kuugeuza. Mama mdogo alichota makande kwenye bakuli la bati, akaliweka sakafuni kando ya kigoda, akarudi mahali pake. "Amechoka leo," alisema. Tukaendelea kula. Nilimpenda mama mdogo na nilimwogopa, yote mawili kwa pamoja, na nilikuwa nahesabu siku.

Alikuwa anakonda. Hilo ndilo lililonitisha zaidi ya kigoda. Alikula vijiko vitatu, akaiacha sahani, akakaa akisubiri saa kumi. Tangu asubuhi alikuwa mtu wa kusubiri saa kumi, na ikishapita alilala. Nilimwomba mara tatu awatoe wale paka nje, hata uani tu, nikidhani wakianza kukimbiza panzi wataacha ile michezo yao ya mlangoni, naye ataacha kuitazama. Mara tatu alinikatalia. "Wamezaliwa ndani ya msiba," alisema. "Hawatoki kabla ya wenye nyumba. Wakiingia kwa watu watawapelekea mambo yetu." Mara ya mwisho aliongeza kwamba kwa Theresia amezaliwa mtoto wa kiume, ana siku sita, hivyo nimwogope Mungu.

Basi mwaka ule nilifanya kosa ambalo mtoto wa kijijini pale asingelifanya. Mimi ni wa Katesh, wa nyumba za kupanga, ambako paka ni paka. Siku moja baada ya chakula cha mchana mama mdogo alisema kichwa kinamuuma, akajifunika blanketi chumbani kwake. Yule wa rangi ya tangawizi alikuwa amelala kifudifudi mlango wa jikoni, ameingiza mkono chini ya ubao, anapapasa ule mstari wa mwanga. Alikuwa akiupapasa tangu asubuhi. Nilikumbuka mama yangu akiwatoa paka wageni kwa mara ya kwanza: aliwanyima chakula kwanza, ili njaa iwarudishe. Hawa hawakuwa wamekula tangu jana jioni, maziwa yalikuwa machache. Nikaona yote yamejipanga. Nilitoa komeo kwa vidole viwili, lisilie, nikaufungua mlango. Nikiri jambo moja: niliwafungulia wao kwa sababu sikuwa na uwezo wa kujifungulia mimi.

Nilitegemea wataruka. Hawakuruka. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Hanang, ule mzito wa baada ya mvua, na uani palikuwa peupe kama maziwa. Walisimama kizingitini wakanusa. Wa tangawizi aliweka mguu mmoja kwenye udongo uliolowa, akaurudisha, akaulamba, akauweka tena. Mmoja wa kijivu alilia sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia ndani ya nyumba. Mweusi aligeuka nyuma, akatazama ndani, juu, pale juu ya bega langu, akasubiri kama anayesubiri mwenzake avae viatu. Sikugeuka. Kisha mama yao akapita katikati yao, wakajipanga nyuma yake, mmoja mmoja, wakaenda. Watoto ambao hawakuwa wamekanyaga jani maishani mwao walitembea moja kwa moja, bila kusimama kwenye panzi wala kwenye tope, wakapita bandani, wakapita shimo la taka, mpaka kwenye minyaa. Niliwafuata nikiwaita nyau nyau kwa sauti ya chini. Minyaa nayo ina nafasi chini za kutosha paka. Walipita. Mimi nilisimama. Nilikuwa na miguu mizima na mpaka ule ulikuwa wa vijiti, lakini nilikuwa nimelala katika nyumba ile zaidi ya usiku mmoja, na sikuvuka. Kupitia matawi niliona mkia wa mwisho ukiingia mlango wa Theresia. Kisha nikamsikia Theresia akimwita mama mkwe wake, bila haraka, kwa sauti ambayo mtu huitumia akiona nyoka na hataki kumshtua.

Nilipogeuka mama mdogo alikuwa amesimama uani, blanketi mabegani. Aliuliza nani amewafungulia. Nilitazama chini. Akasubiri kidogo, kisha akajijibu mwenyewe. "Basi ni Faustini." Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa ndefu, naikumbuka, ningeweza kusali Salamu Maria mbili ndani yake. Sikusema.

Asubuhi yake Mzee Tluway, baba mkwe wa Theresia, alikuja mpaka kwenye minyaa na fimbo yake. Nilimpa shikamoo kwa mbali, akaiitikia, kisha akataka mama mdogo aitwe. Hakufoka. Alimweleza kwamba paka wake wamelala kitanda kimoja na mjukuu wake, na yule mkubwa alijikunja miguuni pa mtoto kama yuko kwake. Hapo ndipo nilipojua jambo ambalo kila mtu pale alilijua isipokuwa mimi. Yule paka alikuwa wa kwa Mzee Tluway. Faustini alipewa na Bura, akambeba mikononi siku ile, mchana, akipiga soga, wala hakumtia kwenye gunia kama paka anavyohamishwa ili asiione njia. Paka aliyeiona njia anarudi kwao siku ya kwanza akifunguliwa. "Sasa na sisi tumeingia," Mzee alisema. "Jumapili tulikuwa na ubatizo. Haupo tena. Omba mtoto aishi, Mama Faustini, maana akifa sitajua nikwambie nini." Akaondoka. Mama mdogo alibaki ameshika tawi la minyaa mpaka utomvu mweupe ukamchirizika kwenye vidole.

Mtoto aliugua siku ya tisa tangu paka waingie. Homa, na akalikataa ziwa. Sitaeleza nilivyokuwa, ila niseme kwamba nilikuwa na miaka kumi na minane na niliamini nimeua. Katekista angeniambia upuuzi, mganga wa zahanati angenicheka, na wote wawili wasingekuwa pale saa nane mchana nikimsikiliza mtoto akilia upande wa pili wa uzio, kila mara kwa sauti iliyozidi kufifia. Mzee Tluway alisema nyumba iliyofungwa haipandi gari za watu. Bura alimbishia baba yake kwa mara ya kwanza maishani, akamfunga mtoto kwa khanga kifuani, akapanda baiskeli na kuteremka kwenda zahanati. Walirudi na dawa ya maji kwenye chupa. Jioni hiyo mama mdogo alijifunga kitenge, akachukua kibuyu cha maziwa na kunde kwenye bakuli, akaenda kwenye minyaa, akasukuma matawi kwa mgongo, akapita. Nilimwita. Alinijibu bila kugeuka kwamba nyumba mbili zilizofungwa hazizuiliani, mimi sijui kitu, nije na kuni.

Tulikaa kule siku nne. Nakumbuka kile chumba kuliko chumba chochote nilicholala tangu hapo: kitanda cha kamba, taa ya chemli iliyowashwa mchana, maziwa yaliyochemka na kumwagikia majivu, mama mkwe na mama mdogo wakinong'ona Kiiraqw, mmoja akianza sentensi na mwingine akiimaliza. Mama mdogo alimshika mtoto kwenye titi lake kavu kumpa joto wakati Theresia analala. Alikula. Sahani nzima ya ugali, na mlenda, na akaongeza. Na saa kumi, paka wale walikuja kutoka nje, wakajipanga mbele ya mlango, wakanyanyua vichwa. Vichwa viligeuka, taratibu, kutoka mlangoni mpaka kwenye kitanda, vikaishia ukingoni, pale karibu na mtoto. Theresia aliwaona. Sikumwambia kitu. Alitazama ule ukingo muda mrefu, kisha akavuta miguu yake kidogo, kama unavyompisha mgeni akae. Mama mdogo alitabasamu akasema, "Amehamia huku." Usiku ule homa ilishuka.

Wazee walizifungulia nyumba zote mbili siku moja, kabla ya mavuno. Mtoto akabatizwa Daniel, na mama yake wa ubatizo alikuwa Mama Faustini, Mzee Tluway mwenyewe alimtaka. Kwenye nyasi kati ya nyumba kulikuwa tayari na njia nyembamba ya paka, na mwaka uliofuata Bura alikata minyaa pale watu nao wapite. Matokeo yangu yalikuja, nikapata chuo cha ualimu, nikaondoka. Nilirudi kila likizo na kila likizo nilikuta Daniel amelala kifuani pa mama mdogo, kisha mapajani, kisha akimkatia kuni. Habari ya Faustini kufungua mlango ikawa habari ya familia. Nami nikaiacha ikue. Kila mwaka ilikuwa ngumu zaidi kuivunja, maana sasa ilikuwa imebeba watu.

Wiki mbili kabla hajafa nilikwenda kumwuguza. Alikuwa amebaki mifupa na macho. Daniel alikuwa ametoka kumletea uji, akamfuta mdomo, akaenda kufunga ng'ombe. Nilijua sitapata nafasi nyingine. Nikamshika mkono, nikamwambia kwamba siku ile hakuwa Faustini. Ni mimi niliyelitoa komeo, na nilinyamaza kwa woga, na nimenyamaza miaka yote, anisamehe.

"Nilikusikia," alisema.

Nilidhani hakunielewa. Nikarudia. Akatikisa kichwa kwenye mto, kama anavyofanya mtu mzima kwa mtoto anayerudia somo alilokwisha kulipata. Alisema hakuwa amelala, na kichwa hakikuwa kinamuuma. Alikuwa macho chini ya blanketi, akanisikia nikitoa komeo kwa vidole, na alijua paka yule atakwenda wapi, kwa sababu alikuwepo Faustini alipomleta mikononi. Alingoja wafike, ndipo akatoka uani. Alisema alikuwa amemsikiliza Theresia akiimba miezi mitatu mizima upande wa pili wa uzio, na hapakuwa na mtu yeyote duniani anayeruhusiwa kukaa naye isipokuwa mtu aliyefungwa kama yeye.

Nje nilimsikia Daniel akimtania ndama. Nikamwuliza, na kama mtoto angekufa?

Alinitazama kwa upole kabisa, upole ule ule aliokuwa nao akiweka bakuli sakafuni.

"Theresia angekuwa mwenzangu," alisema.

Mkono wake ulikuwa bado mkononi mwangu. Sikuuachia, ila vidole vyangu havikukubali tena kuubana, na tulikaa hivyo mpaka Daniel aliporudi kumgeuza.